Maneno Aliyoyagonga Kaka Boniface

Jirani wa chini aliwahi kupanda kutuuliza kama tunatengeneza makabati. Ilikuwa Jumamosi, na kaka yangu Boniface alikuwa jikoni kwangu hapa Tumba, nje ya Stockholm, akimfundisha binti yangu Alliance maneno ya Kiitalia. Mume wangu Anicet ndiye aliyefungua mlango. Akamwambia yule mzee wa Kiswidi kwamba hatutengenezi kabati, tunatengeneza daktari. Mzee akacheka, akashuka, na tangu siku hiyo kila akikutana na Alliance kwenye lifti alimwita "doktorn".

Kaka alikuwa anafundisha kwa kugonga. Neno refu la sayansi alilikata silabi moja moja, na kila silabi akaigongea meza kwa kifundo cha kidole. Silabi yenye mkazo aliipigia ngumi. Glasi zilirukaruka, chumvi ilimwagika, nami nilizoea kuondoa vitu mezani kabla hawajaanza.

"Kipimajoto," kaka anasema.

"Termometro."

"Uzito umeuweka wapi?"

"Kwenye *me*. Termo-ME-tro."

"Hiyo ni termometa ya Biharamulo, binti. Ukiwaambia hivyo maprofesa watakupa panga ukakate ndizi. Haya, tena. Ter," kifundo, "MO," ngumi, "me, tro."

"Ter-MO-me-tro. Sluta nu, acha sasa, mjomba, nimeelewa!"

"Hujaelewa, umechoka. Ni vitu viwili tofauti."

Alikuwa na nadharia yake. Alisema Mswahili hukaa kwenye kiti kimoja maisha yake yote, silabi ya pili kutoka nyuma, na anapofika kwenye lugha za watu anatafuta kiti kilekile. Mwitalia anahamahama, lazima umchungulie amekaa wapi leo. CHI-mi-ca, FI-si-ca, a-NA-li-si. Konsonanti mapacha aliwatenganisha, mmoja huku, mmoja kule: CEL-lu-la, os-SI-ge-no. Lakini herufi s hakuiacha nyuma, ilimfuata aliye mbele yake: MU-sco-lo. Alliance alikuwa akicheka kwamba mjomba anaziongelea herufi kama watoto wa kambo. Mimi niliyekuwa kwenye jiko, niliyeishia kidato cha nne na nisiyejua Kiitalia, nilijikuta nikikoroga mchuzi kwa mapigo hayohayo.

Alliance alitaka udaktari tangu akiwa mdogo. Hapa nafasi hizo ni za wenye alama za juu kabisa, na zake zilikuwa nzuri tu. Wenzake wengi waliokosa walikwenda kusoma nchi nyingine za Ulaya. Kaka akasema, "Aende Italia. Huko nina lugha ya kumpa." Kulikuwa na chuo kimoja kaskazini mwa nchi ile ambacho mtihani wake wa mwisho wa kuingia ni wa mdomo. Mtu anasimama mbele ya maprofesa, wanamuuliza, anajibu. Kaka akachukua kazi hiyo kama vile yeye ndiye atakayesimama.

Lugha yenyewe aliipata kwetu Rulenge, kwenye hospitali ya masista Waitaliano. Alikuwa anafagia maabara. Sista mmoja mzee alimwona anasoma maandishi ya kwenye chupa kwa kunong'ona, akamketisha, akaanza kumgongea meza, kama yeye alivyokuja kumgongea Alliance. Baadaye wakampeleka Bergamo akasomee vipimo vya damu. Alituambia kwamba siku ya kwanza darasani alisema neno moja tu, wenzake wakacheka mpaka mwalimu akafungua dirisha. Kutoka Bergamo akaja Stockholm kwa mafunzo ya miezi michache, akabaki. Kazi yake yote hapa ilikuwa maabara, kuangalia damu za watu kwenye darubini. Mke wake alifariki mapema na hakuoa tena. Aliishi peke yake Rissne, kwenye nyumba safi yenye picha ya Moyo Mtakatifu na redio. Jumamosi alikuja kwetu, Jumapili alisoma somo la kwanza katika misa yetu ya Kiswahili. Ukiniuliza maisha ya kaka yangu yalikuwaje, yalikuwa hayo. Hakutafuta mengine.

Mara ya kwanza nilipoona kitu ilikuwa majira ya baridi, theluji imeganda kwenye kibaraza. Wanafanya neno *emoglobina*. Ikafika silabi ya mkazo, ngumi yake ya kushoto ikashuka mezani bila sauti, kama kitambaa kilichoanguka. Alliance alikuwa ameinamia kitabu chake. Kaka aliuangalia mkono wake, akauangalia tena, kisha akaupeleka chini ya meza na kumalizia neno kwa mkono wa kulia. Alipoinua macho aliniona namtazama.

"Baridi hii, Vene," alisema. "Inaingia mpaka kwenye mifupa."

Jikoni kwangu kulikuwa na joto hadi madirisha yalikuwa yanatoka jasho.

Baada ya hapo nilianza kumwangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akimenya chungwa nilitazama vidole. Akinywa chai nilisikiliza jinsi anavyomeza. Alikuwa anakohoa, kidogo, kila kikombe. Jumapili moja ya Kwaresima akasoma somo kutoka Isaya, na katikati ya mstari ulimi wake ukawa mzito, maneno yakaanza kuburuzika. Watu wawili nyuma yangu wakanong'onezana. Baada ya misa Concessa, Mrundi anayeongoza jumuiya yetu ya sala, alinivuta pembeni karibu na meza ya kahawa.

"Mama Alliance, samahani. Kaka yako... iko anakunywa?"

"Boniface? Hata divai ya kanisani huwa anaigusa tu."

"Basi nisamehe. Watu iko na midomo."

Nilitamani ingekuwa pombe. Namwomba Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyotamani, nikiwa nimesimama pale na kikombe mkononi.

Nilikwenda naye kwa daktari. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini, na kabla hatujakaa alikuwa ameshasogeza sanduku la karatasi laini za kufutia machozi upande wetu wa meza. Nilipoliona lile sanduku nikajua. Alieleza polepole. Jina la ugonjwa alilitaja kwa Kiswidi, refu, nami sikulishika. Kaka alilishika. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia jina la mtu anayemfahamu. Kisha akauliza swali moja tu: ulimi wake una muda gani. Hakuuliza yeye mwenyewe ana muda gani. Daktari akasema kwa aina hii ulimi na koo hutangulia, na kwamba hawezi kumpa tarehe.

Tulirudi kwa treni. Kaka alikaa dirishani, na tulipopita stesheni ya Älvsjö akasema bila kunitazama, "Alliance asijue mpaka amalize mtihani."

"Kaka, yule mtoto ana macho."

"Macho yake yako kwenye vitabu. Niahidi."

Nilijua ombi hilo linatoka wapi. Baba yetu alipofariki, Boniface alikuwa seminari, katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Wazee wakaamua asiambiwe. Kwetu ndivyo ilivyo hadi leo, mwanafunzi aliye kwenye mtihani hapelekewi habari ya msiba. Alimaliza karatasi ya mwisho, akaja nyumbani na kitabu cha fizikia mkononi, akakuta watu wamekwisha kuanua matanga na mama amenyolewa nywele. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilizungumzia.

"Niliwachukia wote," alisema kwenye treni. "Wazee, mama, hata wewe uliyekuwa mtoto. Halafu matokeo yakaja, nimefaulu, na kwa ajili ya cheti kile masista wakaniamini. Kama mngeniletea habari, ningekuwa Rulenge nalima ndizi mpaka leo."

"Na ile chuki?"

"Ilipoa. Na ya Alliance itapoa."

Nikaahidi. Nilimwahidi mbele ya Mungu, kwa sababu alinitaka nitaje jina la Mungu. Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa na kitu ndani yake ambacho wote tulikizunguka. Anicet alijua, nilimwambia. Alianza kuongea kwa sauti kubwa kupita kawaida kila kaka akiwepo, akisema utani ambao haukuwa na mwisho, ili kimya kisipate nafasi.

Masomo yaliendelea, na yakawa makali zaidi. Kaka alikuja Jumamosi na siku nyingine katikati ya wiki. Alikuwa na haraka. Maneno aliyatoa kwa mafungu, ya mifupa, ya damu, ya figo, na Alliance akikosea hakumtania tena, alirudia tu. Sauti yake ilikuwa inakuwa ya puani. Alimwambia mtoto kwamba mishipa ya sauti imevimba na daktari amemkataza kuongea sana. Mkono wa kushoto sasa uliishi mfukoni.

Siku moja nilikuwa nakaanga ndizi. Alliance alikuwa amefika kwenye sura ya mishipa ya fahamu katika kitabu chake cha Kiitalia, akasema, "Mjomba, hapa kuna ndefu nzuri. Sclerosi laterale amiotrofica."

Sikujua Kiitalia, lakini neno lile nililitambua. Lilikuwa lilelile la yule daktari, limevaa tu nguo nyingine. Mafuta yalikuwa yananirukia mkononi na sikuondoa mkono.

Kaka hakubadilika uso. Akainua mkono wa kulia.

"Scle," kifundo, "RO," ngumi, "si." Akameza mate kwa shida. "La-te-RA-le. Sasa la mwisho taratibu. *Mio* ni silabi moja, usiipasue. A, mio, TRO, fi, ca."

"A-mio-TRO-fi-ca."

"Rudia lote."

Akalirudia lote. Akalirudia vizuri sana, na kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni ugonjwa gani huu, mjomba? Maprofesa wakiuliza?"

"Mishipa inayoiamrisha misuli inakufa. Mmoja, halafu mwingine. Misuli inabaki haina wa kuituma."

"Na dawa?"

"Bado."

"Stackars människor," alisema Alliance. Maskini watu hao.

"Ndiyo, maskini," alisema kaka. "Linalofuata."

Nilizima jiko, nikaenda bafuni, nikafungua maji yote.

Kiangazi kilipoanza Alliance akaenda Italia. Chuo kilikuwa na kozi ya maandalizi kabla ya mtihani, na kaka alisisitiza aende mapema, alisema masikio yake yanahitaji kuishi huko. Mimi nadhani alitaka asiwepo. Stesheni ya Tumba alimkumbatia kwa mkono mmoja, na Alliance akamwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikasema treni inakuja, ingawa ilikuwa bado.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama daktari alivyosema, ila kwa kasi zaidi. Sauti ikaisha kabisa. Wakamwekea mpira wa kulishia tumboni. Nilihamia kwake Rissne siku nyingi za wiki, na nilikuwa nikishuka kwenye treni ya chini ya ardhi, nikipanda ngazi za umeme, najikuta napunguza mwendo kwa kuogopa nitakachokuta. Lakini kila jioni Alliance alipiga simu ya video, na kila jioni kaka alitaka nimvalishe shati safi na nimwegemeze mito mgongoni. Simu niliisimamisha mbele yake. Mtoto alitamka, mjomba aligonga meza ndogo ya kitandani kwa kidole. Ngumi haikuwezekana tena, kwa hiyo mkazo aliuonyesha kwa kuinua nyusi. Alliance akiweka mkazo mahali pabaya nyusi zilikataa kupanda.

"Bado koo, mjomba?"

Kidole: mara moja. Ndiyo.

"Daktari wako anachelewa sana, mimi ningekuponya zamani."

Kaka alicheka bila sauti, mabega tu, na mate yakamtoka. Nikamfuta nikiwa nje ya picha, kwa kunyoosha mkono tu.

Mwisho wa kiangazi akashikwa na nimonia. Gari la wagonjwa lilikuja kumchukua Rissne siku ya Alhamisi, na mtihani wa Alliance ulikuwa Jumatatu. Wakamvalisha barakoa ya hewa. Nesi aliniambia niwaite wanaopaswa kuja. Nilipomwinamia kaka na kumuuliza kuhusu Alliance, alinifumbia macho na kuyafumbua mara moja tu, kwa nguvu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kufumba mara moja ni kukumbusha ahadi. Alama hiyo aliitunga yeye, alipoona sauti inamwacha.

Jumamosi Concessa alikuja hospitali na kikapu cha matunda ambayo mgonjwa hakuweza kula. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasali, akalia, kisha tukatoka kwenye korido.

"Mama Alliance, hii si kitu ya kuficha. Jumuiya inafaa isali."

"Saleni, dada. Ila mtoto yuko kwenye mtihani, hajui kitu. Nakuomba, isimfikie."

Alinishika mikono miwili. "Mie niko mama. Naapa, sitagusa simu. Sitaandika hata kwenye grupu."

Na alilitimiza neno lake. Hakuandika mahali popote, hakumpigia mtu.

Jumapili Anicet alitaka kubaki na kaka kwa saa za asubuhi ili mimi niende misani, lakini nesi wa zamu akamwambia aende nami, watapiga simu kukiwa na lolote. Tukaketi safu ya tatu. Misa yetu hurushwa moja kwa moja kwenye mtandao, kwa ajili ya wagonjwa na wale wanaoishi mbali. Kamera husimama kwenye miguu yake mitatu kwenye njia ya katikati, na ina taa ndogo nyekundu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza Alliance asikose kuifuata kila Jumapili, maana mji ule hauna misa ya Kiswahili.

Yakafika maombi ya waamini. Concessa akapanda mimbari amevaa kitenge chake cha Bikira Maria. Aliombea Kanisa, akaombea amani Burundi na Kongo. Kisha akakunja karatasi yake, akaweka mkono kifuani. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilitaka kusimama. Mbele yangu kulikuwa na watoto na kamera na mgongo wa padre, na sikusimama.

"Bwana, tunakuletea ndugu yetu Boniface, msomaji wetu. Iko mahututi kwa hospitali. Ugonjwa ya misuli imemfunga kinywa, sasa imefika kwa mapafu. Bwana, umpokee ao umponye, vile unapenda. Ee Bwana..."

"Utusikie," kanisa zima likaitika. Na mimi niliitika. Kinywa changu kilisema kabla sijakizuia.

Concessa hakuona kosa lolote. Kwake yeye hakuwa amemwambia mtu, alikuwa amemwambia Mungu.

Anicet akaninong'oneza, "Labda leo mtoto hakuangalia. Labda mtandao ilikatika."

"Mtandao wa Ulaya haukatiki, Baba Alliance."

Nikatoa simu yangu nikaishika mapajani. Haikulia. Haikulia wakati wa komunyo, wala kwenye kahawa, wala kwenye treni ya kwenda hospitali. Saa zilivyopita ndivyo kile kimya kilivyozidi kunitisha. Mtoto ambaye hajasikia kitu angekuwa ameshatuma picha ya chakula chake. Kaka alikuwa amelala macho wazi nusu, mashine inapumua pamoja naye. Sikumwambia. Nilishika rozari nikaanza matendo ya uchungu, nikawa nasahau nimefika wapi, nikaanza upya.

Jua likiwa bado juu ya paa za majengo, simu ikalia. Alikuwa yeye, kwa video, amevaa shati jeupe, nywele amezifunga nyuma.

"Mama. Uko na mjomba?"

"Niko naye."

"Niweke mbele yake. Tufanye maneno."

Hakuuliza kwa nini kuna mashine nyuma yangu. Nikaisimamisha simu kwenye meza ya kitandani, nikauweka mkono wa kulia wa kaka karibu nayo.

"Shikamoo, mjomba."

Kidole, mara moja.

"Machache tu leo. Globulo. GLO-bu-lo."

Kidole kikagonga, taratibu sana, na nyusi zikapanda kidogo.

"Mi-DOL-lo."

Akagonga.

"SCHE-le-tro."

Kidole kiligonga mara mbili, kikabaki hewani. Mashine ikavuta, ikatoa. Alliance alisubiri. Uso wake ulikuwa umejaa kioo chote, macho mekundu lakini makavu. Kidole hakikushuka. Basi akailipia mwenyewe silabi ya mwisho, akagonga meza yake huko Italia, na sauti ikatufikia kwenye simu.

"Mjomba," alisema, "mtihani ni asubuhi. Nimebadilisha tiketi, narudi mchana. Nisubiri."

Kaka akafumbua macho. Hakumtazama Alliance. Alinitazama mimi.

Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyempenda. Nikasema, "Kaka, si mimi. Mungu ananiona, si mimi." Nilisema tena. Akaendelea kunitazama, kisha mashine ikaanza kulia, nesi akaingia kumvuta makohozi, simu ikaangukia kwenye shuka na Alliance akakatika. Walipomaliza kumhudumia alikuwa amefumba macho. Nilimwinamia sikioni nikamweleza yote, Concessa, kamera, maombi. Nikamwomba afumbe macho kwa nguvu kama amenielewa. Kope hazikusogea. Sijui kama alisikia.

Alifariki Jumatatu kabla ya adhuhuri, wakati Alliance amesimama mbele ya maprofesa. Padre alikuwa amefika alfajiri na kumpaka mafuta. Anicet alitaka tumpigie mtoto kabla hajapanda ndege. Nilikataa. Nilisema asilie peke yake kati ya watu asiowajua. Anicet akarudisha simu mfukoni.

Tulimngoja uwanja wa ndege wa Arlanda. Aliona kitambaa changu cheusi kichwani kabla ya kuniona uso. Akasimama palepale, watu wenye masanduku wakimpita pande zote.

"Jag klarade det," alisema. Nimefaulu. Kisha akaketi juu ya sanduku lake, na baba yake akapiga magoti kumshika.

Ilikuwa siku nyingi baadaye, nyumba imejaa watu wa matanga, ndipo aliponiambia kwamba hakuhitaji kuambiwa na misa. Alijua tangu jikoni, tangu siku ya ndizi. Alikuwa amesoma maelezo yaliyofuata lile neno, kisha akatazama mkono uliokuwa mfukoni.

"Na ukanyamaza?"

"Mjomba alitaka nisijue. Nikamwachia."

"Ungemwambia Jumapili ile, Alliance, kwamba ulikuwa unajua. Ungemwambia si mimi niliyesema."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nilijuta kusema.

Concessa alikuja kila siku na sufuria ya maharage, akalia kuliko wote, akaosha vyombo vyote. Sikumwambia. Alliance pia hakumwambia. Alimpelekea chai kwa mikono miwili.

Tulimzika kaka, kwa kuchelewa kama ilivyo desturi ya huku, na watu wakarudi kwenye kazi zao. Siku Alliance alipokuwa anafungasha tena kwenda chuoni, simu yangu ililia. Alikuwa yule daktari kijana mwenye sauti ya chini. Alinipa pole. Halafu akasema kwamba kwa watu wachache ugonjwa ule hupita katika damu ya ukoo, na kwa kuwa mimi ni ndugu wa tumbo moja, ningependa kupimwa? Nilikuwa nimeingia na simu bafuni na kufunga mlango. Nilijibu ndiyo, nikatoka.

Alliance alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni.

"Nani?"

"Watu wa kazini."

"Mama."

Nikajimiminia chai ili nipate kitu cha kufanya. Akaniacha nimimine.

"Ni damu, si ndiyo?" alisema. "Ile sura niliisoma yote, mama. Si neno moja tu."

Nilifikiria ahadi niliyotoa kwenye treni, na jinsi macho yale yalivyonitazama mwishoni. Nilifikiria chuo, na mitihani yake ya kwanza inayokuja. Ningeweza kusema hapana. Mdomo wangu ulikuwa tayari.

"Nimeitwa wiki ijayo," nilisema.

"Nitakwenda na wewe."

"Masomo yanaanza."

"Nitakwenda na wewe, mama."

Nikainua kikombe. Kilikuwa kimetulia, chai haikutikisika. Nilikishika hivyo, juu kidogo ya meza, nikikiangalia, na nilipoinua macho nikaona yeye pia alikuwa anakiangalia.